Mgeni Aliyeisoma Njia Yetu

Palikuwa na neno moja ambalo mashabiki wa mashindano ya magari katika Afrika ya Mashariki walilikariri kama wasia wa mababu: mgeni hawezi kushinda Safari. Neno hilo lilipata nguvu kila Pasaka ilipopita, tangu mashindano hayo yalipoanzishwa mwaka 1953. Walikuja mabingwa wa Ulaya na magari yao mapya, na majina yao makubwa yakiwatangulia kama matarumbeta. Wengi wao walirudi kwao springi zimevunjika, injini zimejaa maji ya mito, na nguo zimeshika rangi ya tope la Kenya, Uganda na Tanganyika. Kombe likabaki hapa hapa, mikononi mwa watu waliokuwa wakiishi baina yetu: Vic Preston, Nick Nowicki, Joginder Singh, Bert Shankland wa Tanzania, Edgar Herrmann na wenziwe.

Mwaka 1972 neno hilo lilikufa. Aliyeliua alikuwa kijana wa miaka 29 kutoka nchi ambayo wengi wetu tusingeweza kuionyesha kwenye ramani. Ni nchi ya barafu, misitu na maziwa huko kaskazini ya Ulaya, iitwayo Ufini. Jina lake lilikuwa Hannu Mikkola.

Ndugu msomaji, huenda ukaniuliza, ukurasa huu wa utamaduni una nini na madereva wa magari? Nakuomba unipe nafasi nikueleze kwanza habari za mtu huyu, kisha utahukumu mwenyewe kama ana la kutufunza sisi watu wa Pwani au hana.

MTOTO WA JOENSUU

Hannu Mikkola alizaliwa tarehe 24 Mei, 1942 katika mji wa Joensuu, mashariki ya Ufini, wakati nchi yake ilipokuwa katikati ya vita na jirani yake mkubwa, Urusi. Wafini ni watu wachache. Hata leo hawafiki milioni sita. Lakini Mwenyezi Mungu akitaka kukipa kidogo baraka hukipa. Taifa hilo dogo limezaa wanariadha ambao dunia iliwapa jina la Wafini Warukao, tangu zama za mkimbiaji Paavo Nurmi aliyejipatia medali tisa za dhahabu katika michezo ya Olimpiki. Jina hilo baadaye walirithi madereva.

Mtu akiuliza siri ya madereva wa Ufini ni nini, jawabu liko katika ardhi yao. Barabara nyingi za mashambani huko ni za changarawe, nyembamba, zinapita katikati ya msitu na kupanda vilima vidogo vidogo ambavyo hukuwezeshi kuona kilicho upande wa pili. Gari likienda mbio hufika juu ya kilima likaruka hewani kama mbuzi aliyekatwa kamba. Baridi ikiingia, barabara hizo hufunikwa na theluji, na maziwa yenyewe huganda mpaka magari yakapita juu yake. Kijana aliyejifunza kushika usukani mahali kama hapo hujua tangu mapema kuwa gari si la kuburutwa kwa nguvu. Gari husikilizwa.

Wafini wenyewe wana neno lao, sisu. Maana yake ni ule ukakamavu wa mtu anayeendelea na jambo hata pale ambapo sababu zote za kuendelea zimekwisha. Sisi tuliosoma vyuoni, tukakalia mikeka na kushika juzuu, tuna neno letu, subira. Maneno haya mawili hayalingani sawasawa, lakini bila shaka yangekutana njiani yangeamkiana.

Mikkola alianza mashindano mwaka 1963 akiwa na gari aina ya Volvo. Mwaka 1968 alishinda mashindano makubwa ya nchini kwake, yale ya Maziwa Elfu Moja, yanayofanyika katika mji wa Jyväskylä. Akayashinda tena 1969, na tena 1970. Mpaka alipomaliza safari yake ya udereva alikuwa ameyashinda mara saba, na ilichukua miaka mingi kabla ya Mfini mwenzake, Marcus Grönholm, kuifikia hesabu hiyo.

KUTOKA LONDON HADI MEKSIKO

Jina lake lilivuka bahari mwaka 1970. Mwaka huo Kombe la Dunia la kandanda lilichezwa nchini Meksiko, na yakatayarishwa mashindano ya magari kutoka London hadi Mexico City. Magari 96 yaliondoka katika uwanja wa Wembley mwezi wa Aprili. Yalikata Ulaya hadi Bulgaria, yakarudi magharibi hadi Ureno, yakapakiwa melini kwenda Brazil, kisha yakapanda milima ya Amerika ya Kusini ambako hewa ni haba hata kwa mtu kupumua, seuze injini. Mwendo wote ulikuwa kiasi cha kilomita 25,000.

Yaliyofika mwisho yalikuwa 23 tu. La kwanza lilikuwa Ford Escort ya Hannu Mikkola na msomaji wake wa ramani, Gunnar Palm wa Uswidi. Mtu anayeweza kwenda mwendo wa majuma matano na gari lake likafika zima, huyo si mtu wa mbio peke yake. Ni mtu anayejua lini akimbie na lini astahi.

PASAKA YA 1972

Hao hao wawili, Mikkola na Palm, ndio waliokuja kwetu mwaka 1972 na Ford Escort RS1600.

Kwa vijana waliozaliwa juzi, yafaa nieleze Safari ya siku zile ilikuwa namna gani. Haikuwa kama hii ya leo ya kuzunguka kando ya Naivasha katika njia zilizofungwa. Ilikuwa ni maelfu ya kilomita, usiku na mchana, katika barabara zile zile zinazopitwa na mabasi, malori, ng'ombe na watoto waendao kisimani. Ilifanywa siku za Pasaka kwa makusudi, kwa sababu Pasaka huangukia kwenye masika. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi wa bara hugeuka kuwa sabuni. Isiponyesha, vumbi husimama njiani kama ukuta. Aliyefika kituoni kwa kuchelewa aliandikiwa dakika za adhabu, na mwisho wa yote mwenye adhabu chache ndiye mshindi.

Ndiyo maana wenyeji walijiona kuwa na amana isiyochukulika. Wao walijua mto upi hujaa baada ya mvua ya usiku mmoja na kilima kipi huteleza. Mgeni atayajulia wapi haya?

Kwa kalenda yetu, Pasaka ya mwaka huo iliangukia katika Mfunguo Tano, yaani mwezi wa Safar wa mwaka 1392. Wapo wazee wetu ambao mpaka leo huuogopa mwezi huo, hawaanzi safari wala hawafungi ndoa ndani yake, ingawa Mtume (S.A.W.) alikwisha kukanusha kwamba Safar ina nuhusi. Basi katika mwezi huo unaosingiziwa ukorofi, Mfini ambaye hata hakujua kuna mwezi wa jina hilo alishinda safari yenye jina linalokaribiana kwa sauti na jina la mwezi huo, ingawa shina lake la Kiarabu ni jingine. Nyuma yake alikuja Sobiesław Zasada wa Poland katika Porsche. Wenyeji wakawa wa tatu.

Alishindaje? Hapana uganga. Timu za ng'ambo zilikuwa zimejifunza adabu. Zilikuja majuma kadhaa kabla ya mashindano, zikapita njia zote polepole, zikaandika kila kona, kila daraja na kila shimo katika daftari. Siku ya siku, msomaji ramani alimsomea dereva kile walichokiandika. Mgeni hakuzaliwa na njia ile, lakini aliisoma. Na mwenyeji, kwa kuwa alizaliwa nayo, mara nyingi aliona hana haja ya kuisoma.

Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Mwaka ule mgeni alikuja, na mwenyeji alipona maradhi ya majivuno. Kwani mwaka uliofuata, 1973, Shekhar Mehta aliyekuwa akiishi hapa alilirudisha kombe, naye baadaye akalishinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Na Joginder Singh akashinda tena 1974 na 1976. Walijifunza kutoka kwa aliyewashinda, na hilo ni jambo la kuwasifia.

POINTI MOJA

Mtu akisoma habari za mabingwa hudhani maisha yao yalikuwa ushindi juu ya ushindi. Habari za Mikkola si hivyo.

Mwaka 1979 ndio uliokuwa wa kwanza kwa dereva mwenyewe kutawazwa bingwa wa dunia katika mashindano ya rali. Kabla ya hapo ubingwa wa dunia ulikuwa wa makampuni. Mikkola alishindana mwaka mzima na rafiki yake, Björn Waldegård wa Uswidi. Katika Safari ya mwaka huo Mikkola aliendesha Mercedes kubwa, akawa wa pili nyuma ya Mehta. Mashindano ya mwisho yalikuwa Kodivaa, huku huku barani Afrika. Mikkola akashinda. Waldegård akawa wa pili. Zikahesabiwa pointi: Waldegård 112, Mikkola 111.

Hebu fikiri, ndugu yangu. Umeshinda siku ya mwisho, umesimama mahali pa juu, na aliyesimama chini yako ndiye bingwa wa dunia, kwa pointi moja. Mwaka uliofuata, 1980, akawa wa pili tena.

Kuna watu ambao pointi moja kama hiyo huwavunja, wakaishi umri wao wote wakisimulia walivyodhulumiwa. Tunawajua, mabaraza yetu yamejaa watu wa namna hii. Mikkola alirudi kazini.

MAGURUDUMU MANNE

Alirudi na kazi mpya, tena kazi ambayo wengi waliicheka. Kampuni ya Audi ya Ujerumani ilikuwa imeunda gari ambalo injini yake inasukuma magurudumu yote manne kwa pamoja. Siku hizo watu waliona mpango huo unafaa Land-Rover na magari ya shamba, si gari la mbio, kwa kuwa huongeza uzito na mitambo ya kuharibika. Mwezi wa Februari, 1981, katika theluji ya Uswidi, Mikkola alishinda na gari hilo liitwalo Quattro. Ilikuwa mara ya kwanza kwa gari la namna hiyo kushinda shindano la ubingwa wa dunia. Leo hakuna mwenye akili anayetaka ubingwa huo bila magurudumu manne yanayovuta. Aliyechekwa amekuwa kawaida.

Mwaka 1983 jasho lake lililipwa. Alishinda Uswidi, Ureno, Argentina na nyumbani kwake Ufini, na katika Safari akawa wa pili nyuma ya Mfini mwenzake, Ari Vatanen. Mwisho wa mwaka alitawazwa bingwa wa dunia, naye ana umri wa miaka 41, umri ambao wengi humwambia mwanamichezo aende akapumzike.

Kisha ukaja mwaka mbaya, 1986. Magari yalikuwa yameongezwa nguvu kupita kiasi, na watazamaji walikuwa wakisimama njiani kabisa wakayapisha kwa upana wa kiganja. Ureno gari moja liliwavamia watazamaji, wakafa watu. Miezi miwili baadaye, katika kisiwa cha Corsica, kijana wa Kifini Henri Toivonen, aliyetazamiwa kuwa bingwa, alianguka bondeni na gari likawaka moto. Yeye na msaidizi wake Sergio Cresto wakafariki. Wakuu wa mchezo wakayapiga marufuku magari yale. Dunia iligundua kwa gharama ya roho za watu jambo ambalo kila nahodha wa jahazi analijua: chombo kikiwa na tanga kubwa kuliko mlingoti, upepo si neema tena.

APRILI 1987

Mimi nilikuwa kijana wa shule wakati Safari ya mwaka 1987 ilipofika. Ilikuwa Shaaban, watu washaanza kuzungumza habari za mfungo. Jioni tulikaa barazani pamoja na wazee, kahawa chungu ikizunguka, na redio katikati yetu. Vijana tulitaka kusikia majina mapya. Wazee walimtaja Mikkola, nasi tukaona wanazungumza mambo ya kale. Alikuwa keshafika miaka 44, na gari alilokuja nalo, Audi 200, lilikuwa kubwa na refu, la kufanana na magari ya wakurugenzi wa mabenki. Kwetu sisi halikuwa gari la mbio.

Lakini mzee na gari lake la kizee walishinda. Akiwa na msomaji ramani Arne Hertz wa Uswidi, alimtangulia hata mwenziwe wa timu, Walter Röhrl, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia mara mbili. Lilikuwa gari la kwanza la magurudumu manne yanayovuta kushinda Safari. Miaka 15 ilikuwa imepita tangu ushindi wake wa 1972, na baina ya Pasaka mbili hizo alikuwa amekuja, akashindwa, akawa wa pili, akawa wa tatu, na akarudi tena. Huo ulikuwa ushindi wake wa 18 katika mashindano ya ubingwa wa dunia, nao ulikuwa wa mwisho. Tangu siku hiyo sijadharau tena jina linalotajwa na wazee barazani.

Wafini waliofuata nyayo zake hapa kwetu ni wengi. Juha Kankkunen ameshinda Safari mara tatu, na Tommi Mäkinen mara mbili. Safari ilipoondolewa katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, ilikaa nje kwa muda mrefu hata wengi wakaikatia tamaa. Ilirejeshwa mwezi wa Juni, 2021. Mwaka mmoja baadaye ikashindwa na Mfini mwingine, Kalle Rovanperä, kijana wa miaka 21, naye akaishinda tena 2024.

Mikkola hakuwahi kuyaona hayo. Alifariki kwa maradhi ya saratani tarehe 25 Februari, 2021, akiwa na umri wa miaka 78. Ilibaki miezi minne tu magari ya ubingwa wa dunia yatimue tena vumbi la Kenya. Kila mtu na ajali yake, na hakuna anayeivuka.

FUNZO LETU

Sasa narejea kwenye swali lako, ndugu msomaji: ukurasa wa utamaduni una nini na haya?

Nimekuwa nikitunga mashairi na kuandika habari zake kwa miaka mingi, na neno nilisikialo kutoka kwa vijana wetu ni lile lile la kabla ya 1972. Mgeni hawezi. Kiswahili ni chetu, tumezaliwa nacho, utenzi ni wa bibi zetu, nani atatufunza? Kisha nawauliza, nani kati yenu anaweza kusoma utenzi ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu, hati ambayo babu zenu walitumia kwa kuandikia barua, wasia na mashairi? Mara nyingi hakuna mkono unaoinuka. Na hali miswada ya tenzi zetu imehifadhiwa katika maktaba ya chuo kikuu cha SOAS huko London, na wako wageni wanaokaa nayo siku nzima, kalamu mkononi, wakiandika kila kona, kila daraja na kila shimo.

Mimi siwalaumu wageni hao. Waliyoyaokoa ni mengi, na mengine yangeliwa na mchwa katika masanduku yetu. Kosa ni letu tunaodhani kuzaliwa na kitu ni sawa na kukijua. Mikkola alipoishinda Safari hakutudhulumu. Alituonyesha kuwa njia ni ya anayeisoma. Na wenyeji wa fani ile walikuwa na uungwana wa kukubali, wakarudi shule, wakashinda tena. Na sisi wenye lugha tufanye vivyo hivyo. Watoto wetu wafunzwe kuisoma hati ya babu zao wakati wangali na wazee wa kuwasomesha, kwani kila mwezi tunazika mmoja.

Na kwa wale vijana wa pikipiki ambao wakisikia habari za bingwa hushika njia kuu mbio bila kofia, nawaombea Mungu awape umri wa kufahamu hili: mtu huyu alishindana kwa takriban miaka thelathini, akafa kitandani mwake na umri mkubwa. Angekuwa na haraka tu, tusingelijua jina lake.

Namalizia kwa ubeti mmoja, kama ilivyo ada yangu:

Mgeni alotujia, njia yetu kaisoma,
Vumbi hakulichukia, na tope akalipima,
Haraka akakimbia, subira akaandama,
Mwenyeji akisinzia, huamka yuko nyuma.